Dogo wa Kibiti, pumzi ya kuruta haiji kwa wiki mbili

UKITAKA kujua kama tangazo la nafasi za JKT limetoka, huna haja ya kusubiri gazeti. Nenda Kibiti, simama kando ya barabara kuu ya Kusini saa 11:30 alfajiri, angalia upande wa Bungu kisha upande wa Ikwiriri. Ukiona vijana wamejaa wanakimbia, huyu ana raba za mitumba, yule ana yeboyebo, mmoja kavaa jezi ya Simba na mwenzake ya Yanga, jua mambo yameiva.

Pita tena wiki tatu baadaye, saa ileile. Utakutana na malori ya Mtwara na kina mama wanaowahi soko. Vijana hamna. Usaili umepita, waliochukuliwa wamechukuliwa, waliobaki wamerudi kijiweni kusimuliana jinsi walivyobaniwa.

Naandika hili kwenye kurasa za mpira na nina sababu. Wengi wa wale wakimbiaji wa alfajiri nawafahamu kwa namba za mgongoni. Huyu ndiye namba 7 aliyewachachafya mabeki kwenye fainali ya kombe la mbuzi. Yule ni kiungo mkabaji ambaye mashabiki wake wanaapa kwamba angezaliwa Dar es Salaam, sasa hivi angekuwa anakula mshahara wa Ligi Kuu. Ni wachezaji. Wanakwenda kiwanjani mwaka mzima.

Sasa niambie, mchezaji anayekwenda kiwanjani mwaka mzima anaanzaje kutafuta pumzi siku tangazo linapobandikwa?

Hapo ndipo penye ugomvi wangu, na jeshi halimo. Nagombana na mpira wetu wa mchangani, ambao una vijana hawa mikononi jioni nne au tano kila wiki na unawarudisha nyumbani vilevile walivyokuja.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachogombewa. Kwa familia nyingi za mjini, JKT ni stori ya kaka au dada aliyemaliza kidato cha sita akaitwa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliosimama mwaka 1994 na kurudi 2013. Kambi ya Kibiti ni miongoni mwa zinazowapokea vijana hao, wanateremka na mabegi yao kutoka kila mkoa. Dogo wa Kibiti aliyeishia kidato cha nne anawaangalia wakipita. Njia yake yeye ni nyingine, ile ya kujitolea ya miaka miwili, ambayo maombi yake yanaratibiwa na ofisi za wilaya na mkoa anakoishi. Huko anakutana na wenzake wengi na nafasi chache.

JKT lenyewe huwa halifichi kitu. Kila linapotangaza nafasi linakumbusha kwamba halitoi ajira wala halimtafutii mtu kazi, linafundisha uzalendo, ukakamavu na stadi za kazi ili kijana akajitegemee. Dogo anasoma mstari huo, anauruka. Anajua kwamba kwa miaka mingi kupita JKT kumekuwa mlango wa kuelekea JWTZ, Polisi, Magereza, Zimamoto na Uhamiaji. Kwa nyumba inayotegemea korosho za msimu na kamba wa msimu, mtoto mmoja mwenye mshahara wa kila mwezi anabadilisha hesabu zote za ukoo. Wadogo zake watasoma. Bibi atakuwa na bima. Ndiyo maana matapeli wanapata wateja. Jeshi limeshaonya mara nyingi kuhusu watu wanaouza nafasi zisizouzika, na bado kuna mzee yuko tayari kuuza shamba la mikorosho ampe mtu asiyemjua aliyempigia simu. Mzee huyohuyo hajawahi kumuuliza mwanawe anaweza kukimbia kilomita ngapi bila kusimama.

Basi tumuulize sisi.

Kuna kipimo kimoja cha zamani ambacho hakitaki mashine wala hela. Mwaka 1968 daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, Kenneth Cooper, alikitoa hivi: kimbia dakika 12, kisha tuone umefika wapi. Kwa mwanaume wa miaka 20 hadi 29, mita 2,400 ni kiwango kizuri na akivuka 2,800 huyo ni moto. Kwa msichana wa umri huohuo mita 2,200 ni nzuri. Sisemi kwamba ndicho kipimo anachokutana nacho dogo kwenye usaili wetu. Nasema ni rula ya kujipimia mapema, na majeshi na timu za mpira duniani zimeitumia kwa miongo.

Kwa wanaosema mambo ya kupima pumzi ni ya wanajeshi na mpira ni kipaji, ngoja niwarudishe Mexico 1970. Brazil ile ya Pele, Jairzinho na Tostao, ambayo mpaka leo wazee wanaihadithia kana kwamba ilicheza kwa muziki tu. Kwenye benchi lake la ufundi alikuwepo kapteni wa jeshi, Cláudio Coutinho, aliyekuwa ameuchukua utaalamu wa Cooper na kuupeleka timu ya taifa. Pembeni yake, kwenye kazi hiyohiyo ya kutengeneza miili, alikuwepo kijana Carlos Alberto Parreira, ambaye miaka 24 baadaye aliipa Brazil Kombe la Dunia akiwa kocha mkuu. Brazil ilifunga mabao 19 kwenye fainali zile. Mabao 12 yalikuja kipindi cha pili. Kwenye fainali na Italia ilikuwa 1-1 mapumziko, ikaisha 4-1. Kipaji walikuwa nacho timu nyingi. Dakika ya 86, kwenye hewa nyepesi ya Mexico City, beki wa kulia Carlos Alberto bado alikuwa na miguu ya kupanda mbio mpaka kwenye boksi la Italia.

Turudi Kibiti. Viwanja vyetu vingi havifiki saizi ya Uwanja wa Mkapa. Chukua kiwanja cha mita 90 kwa 60, kukizunguka raundi moja ni mita 300. Kwa hiyo mita 2,400 ni raundi nane. Raundi nane ndani ya dakika 12, yaani dakika moja na nusu kwa kila raundi. Si mbio za kutisha. Mtu aliyejiandaa anaweza kukimbia hivyo huku akiongea na mwenzake, maneno ya kukatika katika.

Nilishawahi kuomba timu moja ya mchangani maeneo hayo tujaribu, jioni, kabla hawajagawana vizibao. Walianza kwa fujo zote, raundi ya kwanza kama wanakimbizwa na nyuki. Raundi ya tatu mastaa wakaanza kushika viuno. Raundi ya tano kuna mtu alikumbuka ana maumivu ya enka. Waliomaliza raundi nane ndani ya muda walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao alikuwa kipa wa akiba, ambaye asubuhi huwa anauza samaki kwa baiskeli kijiji kwa kijiji.

Kipa wa akiba! Namba 7 alikuwa amelala chali anaomba maji.

Yule muuza samaki hajasoma kitabu chochote cha mazoezi. Ila kila siku moyo wake unafanya kazi kwa muda mrefu bila kusimama, na ndicho kitu mazoezi ya timu zetu hayafanyi. Hebu tuseme ukweli, mazoezi ya mchangani yakoje? Saa 10 jioni ndiyo muda wa kukutana, saa 10:40 ndiyo watu wanatimia. Jaramba la dakika tano. Danadana. Kisha mechi, nane kwa nane, mpaka giza liingie au mpira uingie kwenye mihogo ya watu. Anayejua sana mpira anasimama mbele anasubiri kupewa. Asiyejua ndiye anayekimbia, na hukimbia mara mojamoja. Hakuna siku ya pumzi, hakuna siku ya nguvu, hakuna anayeandika chochote. Kocha mwenyewe mchana ni fundi pikipiki, amejitolea, hana hata filimbi, simlaumu. Halafu kwenye kombe la mbuzi, dakika ya 60 ikifika, timu zote zimekata moto, mabao yanamiminika, na shabiki anatoka pale anasema leo tumeona mpira mkubwa. Ameona mabeki waliochoka.

Kijana huyu ndiye anayeona tangazo, anajiangalia kifua kwenye kioo, anajiambia mimi mchezaji, wiki mbili zinanitosha.

Wiki mbili zinatosha kumuumiza. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt aliandika kuhusu askari waliokuwa wakivimba na kuumwa nyayo baada ya kutembezwa sana. Wakati huo eksirei ilikuwa haijavumbuliwa. Ilipokuja, ndipo ikaonekana kwamba ile ni mifupa iliyopata nyufa kwa kupigwapigwa kila siku bila kupewa muda wa kujijenga. Majeshi yote yanaujua ugonjwa huu, unawapata makuruta wa wiki za mwanzo. Mapafu na misuli huzoea kazi haraka, mfupa unachelewa. Kwa hiyo dogo anayetoka kwenye kiwanja cha mchanga laini na kuanza ghafla kilomita kumi za lami kila alfajiri, akiwa na yeboyebo, wiki ya kwanza anajisikia simba, wiki ya pili ugoko unawaka moto, na siku ya usaili anachechemea. Atasema karogwa.

Tena usishangae kumwona ameshika kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu kabla ya kukimbia. Joto la Pwani na unyevu wake unalijua mwenyewe, saa 3 asubuhi shati limeshalowa. Kijana hajanywa maji tangu jana usiku, hajala, kaweka tumboni sukari na kafeini, halafu anataka kumwonyesha afande kwamba yeye mwanaume. Joto likimpanda mtu kichwani akiwa anakimbia, linaua. Akianza kuyumba, kuongea asichokijua au kuacha kusikiliza, hapo hakuna habari ya kujikaza. Kivulini, maji mwili mzima, hospitali.

Mtu wa nje akisikia Kibiti anafikiria barabara ya lami. Wilaya hii, iliyokatwa kutoka Rufiji mwaka 2015, upande wake mkubwa ni maji. Ukishuka kutoka Bungu mpaka Nyamisati, pale kinapotia nanga kivuko cha Mafia, ndiyo kwanza unaanza. Ndani zaidi kuna vijiji vya Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, katikati ya mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki. Kijana wa huko ni habari tofauti kabisa. Amekua akipiga kasia na upondo, anavuta nyavu, anabeba gunia la mpunga begani kwenye matope yanayofika magotini. Mwambie apige pushapu, atazipiga mpaka wewe uchoke kuhesabu. Mkono wake ukikushika utajua umeshikwa.

Mwambie sasa akimbie dakika 12. Akimbilie wapi? Njia yake ni kijito. Kiwanja chao cha mpira, kama kipo, ratiba yake inapangwa na mwezi: siku za maji mafu wanacheza, bamvua likija maji yanataka kiwanja chake. Na mwaka 2024 hata hivyo vilivyopo vilipata tabu. Aprili mafuriko ya Rufiji yalimeza mashamba na nyumba, Mei kikaja kimbunga Hidaya. Halafu siku ya usaili dogo huyu anatakiwa awe Kibiti mjini asubuhi. Anaondoka usiku kufuata maji kujaa, anashuka Nyamisati, anapanda bodaboda mpaka barabara kuu, anafika amekunjamana, anapangwa mstari mmoja na vijana walioamka kwao wakanywa uji. Halafu tunasema vijana wa delta wazito.

Si wazito. Wana nusu ya kile kinachotakiwa, tena nusu iliyo ngumu kuipata. Nusu nyingine inawezekana kutengenezwa hata mahali penye eneo la mita mbili tu. Kamba. Chukua kipande cha kamba ya mashua, ruka dakika tatu, pumzika moja, rudia mara tano. Mabondia wa Manzese na Mabibo wanatengeneza pumzi hivyo kwenye vichochoro visivyopitisha hata mkokoteni. Maji yakipwa na mchanga ukawa mgumu, kimbia pekupeku, mfupa unapigwa taratibu kuliko kwenye lami. Na kama una mjomba Kibiti mjini, nenda kwake mwezi mmoja kabla, usiende usiku wa kuamkia.

Kwa wa mjini, hesabu ni wiki 12. Najua hakuna anayependa kusikia namba hiyo. Wiki mbili za kwanza kimbia dakika moja, tembea mbili, kwa nusu saa, siku tatu kwa wiki, na usione aibu ya kutembea. Ukifika mwezi, nusu saa yote iwe ya kukimbia polepole, kasi ya kuweza kuongea. Mwezi wa pili ndiyo uongeze makali: raundi moja ya kiwanja kwa nguvu, raundi moja ya kutembea, mara sita mpaka nane, siku moja tu kwa wiki. Siku nyingine ni pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na kujining'iniza kwenye mwembe kuvuta mwili juu. Siku mbili lala. Tena lala kweli, usiende kuangalia mechi mbili mfululizo banda umiza mpaka saa 7 usiku. Na mapema kabisa, kabla hujaanza lolote, pita kituo cha afya upimwe presha, damu, malaria na kichocho, na kama una ngiri au busha unalificha, huko ndiko pa kulisema. Tangazo linasema afya njema, na afya haisubiri usaili.

Ramadhani? Watu wengi wa Pwani wanaacha kila kitu mwezi mzima, wanarudi kuanza sifuri. Nusu saa kabla ya futari kwa mwendo wa polepole, au baada ya tarawehe ukiwa umeshakunywa maji, inatosha kulinda ulichokijenga. Wachezaji wa kulipwa wanafunga na wanacheza.

Kuna watu watasema bado unatuchosha na jeshi, sisi tunataka mpira. Haya, angalia ligi. JKT Tanzania pale kwao Meja Jenerali Isamuhyo, Mbweni. Mashujaa wa Kigoma. Tanzania Prisons wa Mbeya, ambao wakubwa wa Kariakoo wakisikia ratiba imewapeleka Sokoine wanaanza kunung'unika mapema. Ni mara ngapi umesikia mchambuzi anasema hawa jamaa hawana majina ila wana pumzi? JKT Queens mwaka 2023 walibeba ubingwa wa CECAFA kule Uganda na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake, Ivory Coast. Hii nawaambia hasa dada zangu wa Kibiti, maana alfajiri ile barabarani nawaona wawili watatu tu, na wengine wanakimbia na dera kwa kuogopa maneno ya watu. Njia iko wazi kwenu pengine kuliko kwa kaka zenu, kwa sababu wasichana wanaocheza na wenye pumzi ni wachache.

Na ukitaka kuona mwisho wa barabara hii unafika wapi, kumbuka Tokyo, Septemba 15, 2025. Alphonce Simbu, askari wa JWTZ, alimaliza marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia moja ya sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Iweke kwenye kiwanja chetu cha mita 300: Simbu angekizunguka kwa kama sekunde 55, na angeendelea hivyo raundi 140. Sisi tunaomba nane. Kabla yake walikuwepo Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch mwaka 1974, na Juma Ikangaa, bingwa wa New York 1989. Wote wanajeshi.

Rufiji inajua vilevile upande wa pili wa habari hii. Kila tunapopiga kelele za Derby ya Kariakoo tunataja bila kujua Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, ambacho kambi yake ndiyo iliyoacha jina pale. Hakuna aliyewauliza wale wazee kama wana pumzi. Walibebeshwa tu. Wajerumani walikuwa wameificha meli yao ya kivita Königsberg humu humu kwenye delta mpaka ilipoangamizwa Julai 1915, na mwaka 1917, mvua kubwa zilipofunga bonde la Rufiji, wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Leo angalau mtu anajipeleka mwenyewe, na ana muda wa kujiandaa.

Kuna jingine la Kibiti ambalo silipendi kulitaja kwenye ukurasa wa mpira, ila bila hilo huwezi kuelewa uzito wa kijana kukimbia alfajiri hapa. Miaka kumi haijaisha. Viongozi wa vijiji na raia waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa katika shambulio moja. Bodaboda zikazuiwa usiku. Mpira wa jioni ulikuwa unaisha mapema, watu wanajifungia. Kipindi kile kijana kuonekana anakimbia gizani peke yake ilikuwa ni kujitafutia maswali. Kuna familia za pande zote bado zina makovu. Leo kijana wa palepale anaamka alfajiri kwa hiari yake akitaka kuvaa sare ya nchi. Mimi naliona hilo ni jambo kubwa, na ni aibu yetu watu wa mpira kumwacha aende akaanguke raundi ya tatu.

Kaka mmoja wa kijiweni aliniambia nataka kugeuza timu za mtaani ziwe kambi. Hapana. Kambi zipo, zina wenyewe. Ninachotaka ni Jumanne na Alhamisi ziwe siku za miili, mpira ukae pembeni kwa saa moja. Beki wa pembeni aweze kupanda na kurudi dakika ya 80. Wanaotaka jeshi wataondoka na pumzi yao, na wengi, tuwe wakweli, hawatachaguliwa, kwa sababu nafasi ni chache hata kama wote wangekimbia kama Simbu. Hao watabaki kwenye timu, na kwa mara ya kwanza timu itakuwa na wachezaji wa dakika 90. Wadau wanaotoa mbuzi na jezi kila msimu, mwaka huu toeni saa ya kupimia, daftari na ndoo ya maji ya kunywa. Jumla yake haifiki bei ya huyo mbuzi.

Na kwa waandaaji wa kombe la mbuzi lijalo pale Kibiti, nina ombi. Kabla ya fainali, watu wakiwa wameshajaa na spika zinalia, wapangeni wachezaji wote wa timu zote mbili, wa akiba pia, wazunguke kiwanja raundi nane. Saa nitashika mimi. Atakayetangulia, supu ya kichwa na miguu ni yake. Hela yangu naiweka kwa muuza samaki.